Isale kutoka Mwanza

Old Moshi, 4 Machi 2024

Mwanangu Elifuraha,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako mzima, ng'ombe kazaa, na mimi bado ndiye mzee mwenye sura nzuri kuliko wote huku, uliza popote. Simu zangu hupokei, basi nakuandikia. Ile saratani imerudi. Ipo kwenye mapafu, na kadoa kamoja kwenye ini ulilonikatia kule India. Itanitisha mimi, niliyepeleka lori hadi Lubumbashi? Kovu lako je, linauma wakati wa baridi?

Baba yako, Anaeli

Mwanza, 15 Machi

Baba, shikamoo. Kovu haliniumi. Inayoniuma ni picha ya Krismasi: wewe na kata ya mbege mdomoni. Nimekatwa ini mimi, wewe ukalimwagia pombe. Usiniandikie tena.

Elifuraha

Old Moshi, 2 Aprili

Mwanangu mkali kama bibi yako,

Hujambo? Usipojibu nitajua hujambo. Kata niliishika, kweli. Mimi ndiye mkubwa wa ukoo, nisipoonja hanywi mtu. Niligusisha mdomo, nikampa baba yako mdogo Ezra. Toka India sijameza tone, mimi niliyewalaza madereva wa nchi nne chini ya meza!

Nilimuuliza daktari kama ni pombe. Akasema hapana: kabla ini bovu halijatolewa, vijipande vya saratani vilishachomoka, vikatembea na damu, vikajificha. Na dawa za kuzuia mwili usilikatae ini lako zinalegeza ulinzi, navyo vikapata mwanya. Ini lako halina kosa. Wala mimi.

Naanza vidonge vipya. Havitaifukuza, vitaichelewesha. Nikamwambia, icheleweshe basi, mimi nina shughuli.

Baba yako

Mwanza, 10 Aprili

Baba, shikamoo. Nimekosa. Nimempa kondakta wa basi jani la isale, na shina lake, akuletee. Kwetu ukiletewa isale, msamaha hukatai. Nakuja kabla mwezi haujaisha.

Binti yako

Old Moshi, 29 Aprili

Mwanangu,

Mwezi unaisha, wewe uko wapi? Isale limefika limekunjamana kama mimi. Umesamehewa, sina ujanja. Ila sikuliacha likauke. Nimelipanda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, liwe alama upande wa makaburi. Babu zako wakija kunichukua, wauone mpaka, warudi walikotoka. Vidonge vimenipasua viganja, nimechimba hivyo hivyo. Limeshika. Njoo ulione, na ubebe samaki, sato wa huko ziwani.

Baba yako, bado nipo,
Anaeli