Chumvi ya majivu chini ya taa ya buluu

Kindu

Mama Mukubwa wangu wa Kibombo,

Mvua inapiga bati, nami nakuandikia nikingoja samaki wa Lualaba aive.

Leo munganga wa hospitali alipima figo zangu kwa njia mpya. Aliweka mate yangu kidogo kwenye karatasi iliyopakwa unga laini hata hauonekani, akaimulika kwa taa ya buluu. Karatasi ikawaka kijani kama kimulimuli! Nikapiga makofi, peke yangu.

Munganga akaniambia: “Mama, ikiwaka hivi, potasiamu iko mingi mwilini. Figo zimeshindwa kuitoa. Unakula chumvi gani?”

“Ya duka niliacha kwa sababu ya figo. Nakula ya Mama Mukubwa, ya majivu ya maganda ya ndizi.”

“Basi njo hiyo, majivu ya ndizi yamejaa potasiamu. Uiache leo, inaweza kusimamisha moyo.”

Nikamuomba tu asiiite sumu. Wakati wa vita, kule porini bila chumvi, ni wewe uliyechoma maganda yale ili sisi watoto tuweze kumeza sombe, yale majani ya muhogo.

Usinitumie tena, Mama. Lakini kifurushi chako bado ninacho. Kabla ya kula samaki wangu asiye na chumvi nakinusa, nasema asante, halafu nakula.

Mungu akupe afya, wewe uliyenipa yangu.

Mutoto wako,
Zaina