Nyati wa Kliniki Msibani

Rinding, wamemchinja Bulan. Nyati wetu wa kufugwa pale kliniki, wa kuliwaza wagonjwa. Wamemchinja!

Si unamjua yule mtoto Sampe, hasemi na mtu tangu maporomoko ya udongo yamfukie mama yake? Alikuwa anamnong'oneza Bulan tu. Leo babu yake anazikwa, daktari wa Jakarta ananiambia, "Mpeleke nyati akamliwaze."

Nikamwambia, "Daktari, huku kwetu Toraja nyati akiingia msibani ni rambirambi, anachinjwa." Akanicheka! "Acha ushirikina, dada."

Basi nikampeleka. Hata kamba sijaifunga pale msibani, nasikia kipaza sauti: "Nyati kutoka kliniki! Asanteni sana!" Wafiwa wananishika mikono, wanalia. Ningemrudishaje, Rinding? Ningemrudishaje?

Daktari kajifungia garini.

Sampe akanifuata, miguu ina damu ya Bulan. Akasema. Na mtu, kwa mara ya kwanza:

"Wewe ndiye uliyemleta."