Sharti la Kungoja

Jumapili, 5 Oktoba
Misa, wali, kisha mchezo wetu wa hadithi na dadu, kama kawaida. Tulicheza nyuma ya duka langu la kutengeneza simu, hapa Kasenga. Espérance ndiye msimulizi, anawachezesha maadui wote. Bahati ana mganga wake, mimi mpiga upinde. Zamu yangu ilipofika sikupiga. Niliahirisha: jambazi akimchoma mganga, namtupia mshale. Nilijiona mjanja. Espérance akarusha dadu, kisu kikaingia, mganga akafa. Ndipo mshale wangu ukatoka. Kitendo kilichoahirishwa huja baada ya sharti kutimia, akasema, si kabla. Ningesema "akiinua kisu," mganga angekuwa hai. Nina hasira mpaka sasa. Bahati naye kaninunia, kwa ajili ya mtu wa karatasi!

Jumatano, 8 Oktoba
Wanasema barabara ya Kamanyola haipitiki kwa sababu ya vita. Wateja wanaleta simu, hawarudi kuzichukua. Nilimwambia Mama tuvuke mpaka, twende Bujumbura kwa dada yangu. Hataki. Kilio cha marehemu Baba hakijaondolewa, na mjane hatoki nyumbani kabla ya siku ya kumaliza matanga. Tukisikia risasi mtaani tutaondoka, akasema. Nilishtuka. Ni kosa langu lile lile la Jumapili. Risasi ikisikika hapa, kisu kimeshaingia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimebishana naye asubuhi nzima. Hatimaye tumeelewana. Mjomba, kaka yake, analima mpunga Bwegera, kwenye barabara hiyo ya Kamanyola. Akiona watu wanapita na magodoro kichwani, atatupigia. Simu ikilia tunatoka, kilio kimeondolewa au hakijaondolewa. Mama ameapa. Mjomba amekubali. Nimejipongeza sana. Sharti zuri, la mapema.

Jumapili, 12 Oktoba
Bahati hakuja. Amevuka na watoto, hata kuaga hakuaga. Tulicheza wawili. Niliahirisha tena: mlango ukifunguka, napiga. Maadui wakapitia paani. Mlango haukufunguka, zamu yangu ikapotea bure. Espérance hakunicheka. Aliuliza habari za Mama, nikamweleza mpango wa Mjomba. Akawa anakusanya dadu zake polepole.

"Na kama rezo inakatika," akasema, "weye utajua nini?"

Nilimjibu kwamba hapa mtandao wa simu hukatika kila mara na hatujafa. Jibu la kijinga.

Jumanne, 14 Oktoba
Mjomba hapatikani tangu jana. Hakuna mtu wa Bwegera anayepatikana. Mama anasema ni rezo tu. Simu haijalia, kwa hiyo hatutoki. Amelishika neno letu kama amri ya kanisa, na mimi ndiye niliyemwapisha. Tuliweka sharti la simu kulia. La kimya hatukuliweka. Naogopa.

Jumatano, 15 Oktoba
Sikungoja. Nilimvalisha Mama viatu, nikamwita mtu wa pikipiki. Mama alilia njia nzima, akimwomba Baba msamaha. Mpakani bariyeri imefungwa tangu jana. Watu wamekaa juu ya mizigo yao, hakuna anayegombana na mtu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Tumerudi kwa miguu.

Alhamisi, 16 Oktoba
Maduka yote yamefungwa. Hakuna pikipiki barabarani. Mama amepika sombe ya majani ya mihogo, akaiweka simu yangu mezani katikati yetu. Tumekula tukiitazama. Mwishowe akaniangalia.

"Sasa tuko nangojea nini?"

Nikamwongezea sombe.