Kofia ya Lesi Kutoka Amerika

Pleumeur-Bodou, 3 Juni 1962

Mwanangu Seza,

Salamu nyingi, natumaini New York haijakukausha. Lile pira jeupe kubwa kuliko kanisa, lililowekwa uwandani kwetu kunasa televisheni ya Amerika kupitia setilaiti, nimelijenga mimi. Haya, nimedanganya. Niliwaondolea wajenzi ng'ombe njiani tu, wakanipa sigara.

Sasa la kweli. Macho ya mama yako yanazimika. Daktari wa Lannion anasema mavuno yakifika hatatofautisha dirisha na ukuta. Anataka kukuona, na picha haitaki. Anasema picha haicheki. Julai Amerika itaonekana hapa papo hapo, watu wakitembea. Basi simama mbele ya kamera na ile kofia yake ya lesi aliyokufungia sandukuni. Ataijua hata kwa jicho bovu. Usiponisaidia, sijui nimwambie nini.

Baba yako, Laou

New York, 24 Juni

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, ila miguu imevimba. Daktari amekataza safari hadi nijifungue, Oktoba. Nimecheka barua yako, kisha nikaingia stoo ya hoteli kulia. Baba, kamera hazimtafuti mhudumu wa mezani. Zitakuwa miji ya mbali, na mimi sitaonekana. Mwambie Mama ukweli, taratibu.

Mwanao, Seza

Pleumeur-Bodou, 25 Julai

Mwanangu,

Tunapumua, na huyo wa tumboni namsalimu. Barua yako sikumsomea. Mdomo ulikataa, nao haujawahi kukataa kazi.

Juzi tulijazana mkahawani kwa Perrine. Mama yako pua yake ilikuwa inagusa kioo cha televisheni. Padre akanung'unika, "Bened, tunatazama kisogo chako."

"Wewe una Mungu wa kumtazama. Mimi niachie mwanangu."

Yakaja maporomoko ya maji, wakaja wanaume wanaopiga mpira kwa rungu. Mimi Laou nilikuwa naomba, na sijaomba tangu vita. Setilaiti ikaanza kuzama, picha ikatetemeka. Kwenye umati kikapita kitu cheupe, labda gazeti.

"Huyo," akasema mama yako. "Na kofia kaipinda, kama kawaida yake."

Wote wakanigeukia. Nikasema, "Ndiye." Padre naye, "Ndiye."

Leo mama yako amenishika mkono akauliza kama kumekucha. Jua lilikuwa mezani.

Sasa sikiliza. Siku ile ya dansi kule Perros, nani alimwambia mama yako kwamba ulikuwa kwenye sala ya rozari? Una deni langu la uongo mmoja. Mwandikie kwamba ulikuwa pale, na kofia ilipindwa na upepo. Nitamsomea mwenyewe.

Baba yako, Laou