Sijaona Ananitazama

Jumatatu, 11 Mei 2026
Siku ya sita tuko shambani, juu ya dungu, kichanja cha kulindia mpunga, tunaamia ndege. Mgongo sina. Jana nilipitiwa na usingizi namnyonyesha Sijaona — kidogo tu! — ndege wakashukia mpunga wa mama mkwe. Mwenyewe, Bi Mwanamkuu, aliporudi na maji akasema mwanawe kaoa wa kulala. Leo sikumwamkia.

Jumanne, 12 Mei
Sijaona kapata neno letu la kufukuzia ndege: "Swaa!" Nikipiga debe, naye anapiga sufuria. Ndege, swaa. Kuku, swaa. Sheikh kapita kutusalimia — swaa! Mwaka na miezi miwili, ashakuwa mlinzi. Nilicheka mpaka nikakaa. Mama mkwe naye alicheka, kule kwake. Tulipotazamana tukaacha.

Alhamisi, 14 Mei
Zahanati, kupima uzito. Kaongezeka! Kuna mtoto alichomwa sindano akalia sana, Sijaona akamfuata, akampa muhogo wake aliokwishautafuna. Nikajisifu mbele ya nesi Petronila, kwamba mwanangu kazaliwa na huruma. Akasema mtoto anaiona kwangu, ndiyo anaiga. Na nikimnunia mtu anaona pia. Nikaitikia kwa adabu. Moyoni nikamwona mjuaji.

Ijumaa, 15 Mei
Asubuhi mama mkwe kamnyooshea mjukuu wake mikono, kama kila siku. Sijaona akanitazama mimi kwanza. Kisha akageuza uso, kabana midomo — vilevile nifanyavyo mimi!

Mikono ya bibi ikabaki hewani. Akamuuliza taratibu, "Nimekukosea nini, mume wangu?"

Simfundishi hivi mwanangu. Simfundishi. Halafu nani kamfundisha?

Jumamosi, 16 Mei
Nimelala vibaya. Kulipokucha nikamwona mama mkwe kule chini, kwenye mkeka, anachambua mboga peke yake. Nimeshuka na Sijaona mbelekoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama. Mpunga wako niliuachia ndege mimi. Nisamehe. Lakini mimi si mvivu, mama — nimechoka."

Lile la mwisho nimelisema kwa nguvu. Lazima alijue.

Yeye akaendelea na mboga. Nimemwacha Sijaona pale, nikapanda kuchukua uji, naandika mbiombio. Nawaona kutoka huku juu. Mama mkwe kajisogeza, pamebaki nafasi ya mtu kukaa mkekani. Sijaona anapapiga pale kwa kiganja — pa, pa — kainua uso, ananitazama mimi.