Mtoto wa Mbwa Asitoke kwa Mama Yake Kabla ya Wiki Nane

Mabawe,
Ngara, Kagera.
11 Agosti 2024

Mpendwa dada Melania,

Shikamoo dada yangu. Vipi lile goti, bado linakusumbua ukipanda mlima wa kanisani? Na shemeji Pancras, presha imetulia? Sisi huku tu wazima, Mungu anatubeba. Kikohozi cha baba Clever kimekwisha na kahawa tumeshaiuza. Barua hii nimempa Matiasi anayekuja Mwanza na basi la kesho, maana haya siwezi kuyasema kwenye simu. Nikipaza sauti jirani anasikia, na jirani mwenyewe ndiye habari.

Kwanza la furaha. Mwanao Clever amemaliza diploma ya afya ya mifugo! Ukimwona na lile koti jeupe utadhani daktari wa watu. Nitajie mwingine katika ukoo wetu aliyefika hapo. Hayupo.

Basi Jumamosi ya wiki iliyopita sala ya jumuiya ilikuwa kwa huyo jirani, Theodosia mke wa Minani. Nimevaa kitenge kipya, picha ya Clever ya mahafali nimeitia kwenye pochi, nangoja rozari iishe niitoe. Kumbe binti yake wa Dar es Salaam kamletea mtoto wa mbwa, wale wadogo wa manyoya meupe ambao hata wakikomaa paka anawazidi. Eti anaitwa Prinsesi! Kalazwa kwenye kochi, juu ya kitambaa cha kufuma. Wanawake wote wakamwinamia, Kezia anamshika masikio, Priscila anampiga picha. Ya kwangu ilirudi nyumbani ndani ya pochi. Hakuna aliyeniuliza mwanangu yukoje.

Dada, nimeumia. Jumatatu nikambeba tetea wangu mwekundu, nikaenda kuomba mtoto wa mbwa kama tunavyoombana siku zote huku, unatanguliza kuku, mbwa akizaa unakumbukwa. Theodosia akacheka mpaka akashika mbavu. "Mama Clever, huyu haombwi kwa kuku, huyu hununuliwa!" Sawa. Lakini kuku hakumrudisha.

Nikamwambia Clever nataka wangu, tena awe mweupe kuliko yule. Akageuza kalenda ya mwaka jana akaanza kuandika nyuma yake. "Mama, kumnunua ndiyo kazi nyepesi. Atakula nini? Atalala wapi?" Nikamjibu atakula makombo na kulala uani kama mbwa wetu. Akasema huyo tumbo lake ni dogo, mfupa wa kuku utamuua, na kwa baridi hii halali nje. Akapanga laki mbili na nusu za kununulia, elfu sitini za dawa za minyoo na chanjo zote pamoja na ya kichaa, elfu hamsini zikae pembeni asije akaugua tukabaki kutazamana. Chakula ni elfu ishirini kila mwezi, hiyo nitaitoa kwenye mayai. Kahawa imenipa laki nne, kwa hiyo naweza.

Nikaona kwenye simu mwingine wa laki moja na ishirini, wa wiki tano, eti tuma pesa tumpakie kwenye basi. Clever akampigia muuzaji, akamwuliza mama wa huyo mbwa yuko wapi, na kadi ya chanjo iko wapi. Yule bwana akakata simu. Unaona mwanangu alivyo na akili?

Sasa nafika kwako. Huko Mwanza yupo mama anaitwa Secilia, Clever alisoma na mwanawe, mbwa wake wa aina hiyo hiyo amezaa wanne. Nenda ukamwangalie mama mbwa kwanza, kama ni mpole na hana ukurutu. Mtoto asiwe na tongotongo wala tumbo la minyoo, awe anachezacheza. Dume au jike, sichagui. Ila awe mweupe, hilo unisamehe.

Shida ni hii. Sala inakuja kwangu tarehe 31, na Theodosia ameshatangaza atakuja na Prinsesi wake. Watoto wa Secilia watatimiza wiki nane tarehe 14 Septemba, na Clever amekataza kumtoa mmoja kabla ya hapo. Secilia mwenyewe yuko tayari kumtoa mapema ukimpa pesa. Dada, najijua. Wivu ukinipanda nitakupigia simu, nitalia, nitakudanganya Clever amekubali, nitakutajia hata marehemu mama. Usinisikilize. Mwache anyonye. Siku hiyo ya sala Prinsesi atalala kwenye kochi langu mimi, na nitamkaribisha mwenye mbwa chai.

Nisalimie shemeji, Irine na wanawe, na mama mkwe wako Leonsia. Mungu awafunike wote kwa mkono wake, na hilo goti alinyooshe.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata nikikulilia kwenye simu,

Eustakia (Mama Clever)