Mstari Nilioacha Kuandika

Kericho,
14 Juni 1997

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itawakuta nyote mkiwa wazima hapo Roret, na kwamba goti la Mama limepata nafuu tangu mvua ipungue. Mimi mwili hauna shida. Fancy anawasalimu, na mtoto wetu ameanza kusimama akishika kiti.

Chai imechipua sana mwezi huu. Kazi yangu ya kompyuta bado ninayo, ingawa ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini sijui kama nitakuwa nayo mwezi ujao.

Baba, unaikumbuka ile kura ya nyumba. Nyumba mpya zilikuwa kumi na mbili, wachumaji waliozitaka karibu mia tatu, na meneja akasema kompyuta ichague ili mtu asinung'unike. Kebaso, karani wetu, ndiye aliyebonyeza mbele ya watu wote. Majina kumi na mawili yaliyotoka yalikuwa ya Wakisii wenzake pekee. Watu wakasema amepanga. Aliapa hajui lolote, lakini baada ya wiki mbili akaachishwa kazi. Nilisikia kwamba alipopitia kanisani kwenu kukuaga, yeye aliyekuletea uji kila siku ulipolazwa huku, ulikataa mkono wake ukamwambia mbele ya wazee, "Mwizi wa kura ni mwizi tu."

Kebaso hakuiba, Baba. Kosa ni langu.

Programu ile niliiandika mimi, kwa lugha iitwayo C. Lugha hiyo ina maktaba yake, yaani kazi zilizokwisha kuandikwa, wewe unaziita tu. Nyingine ni za kawaida, nyingine ni za ziada, na za ziada hazifunguki vizuri mpaka uandike mstari mmoja juu kabisa wa kuziomba. Ile ya kutoa namba za bahati nasibu ni ya ziada. Kwenye mashine ya zamani ilikuwa wazi yenyewe. Ilipoletwa mpya, mstari ule sikuuandika. Mashine ilinionya, nikasoma onyo, nikalipuuza, kwa sababu programu ilikubali kufanya kazi. Kumbe ilikuwa inapata sifuri kila mara, na kila mara inachukua jina la juu lililobaki kwenye rejista ya wachumaji. Ukurasa wa kwanza wa rejista ni wa laini moja, yaani safu moja ya nyumba za wafanyakazi, ya Wakisii walioajiriwa pamoja zamani.

Niligundua siku ya tatu baada ya kura. Niliongeza mstari, nikajaribu tena, majina yakachanganyika. Kebaso alikuwa ameketi mbele yangu. Akaniuliza kwa upole kama nimeona kosa lolote kwenye programu. Nikamwambia sijaona. Siku alipoachishwa kazi nikamwangalia akifunga vitu vyake kwenye katoni, nikanyamaza.

Jana nilimwambia meneja yote. Kura itarudiwa, na Kebaso akitaka atarudishwa. Mimi nangoja uamuzi. Jumanne naenda kwake Nyamira, sijui kama atanifungulia mlango.

Neno ulilomwambia lilitoka kwenye ukimya wangu, na wazee walilisikia. Nakuomba uwasomee barua hii Jumapili, na jina langu usiliruke.

Msalimie Mama, dada Chelangat na yeyote ambaye bado ataniulizia.

Ni mimi mwanao,
Gibson Kipkosgei